Mkanda wa Mnara wa Kumi na Tisa

Haya nilielezwa na Siwema mwenyewe, mjane wa fundi Nkuwi, tukichambua vitunguu barazani kwangu hapa Singida, mwezi wa saba, wiki moja baada ya mijusi kusafishwa. Nayaandika kama alivyoyasema.

Mijusi ninaowasema si wale wa ukutani. Ni mashine za kutunza minara ya upepo, ile yenye mapanga matatu ambayo sisi tunaiita mapangaboi. Mjusi ana kimo cha mtu, miguu ya sumaku na mikono miwili yenye vidole. Hupanda ngazi ya nje mpaka juu kabisa, mita mia na ishirini, akalisugua panga lililopasuka, akaliziba, akashuka. Upepo haumwangushi, jua halimchoshi. Nchi nzima wako mia tatu, na wote walifundishwa na mtu mmoja. Kampuni ilimvalisha Nkuwi shati-mwalimu, shati lenye nyuzi zinazosoma kila msuli unavyokwenda, akafanya nalo kazi miezi kumi na minane. Alipolivua, mijusi walikuwa wanajua kazi yake yote, naye akaambiwa akae nyumbani. Baada ya miaka miwili akafa kwa kifua. Vumbi jeupe la mapanga lilikuwa limemjaa mapafuni.

Sasa, Nkuwi hakuwa mtu wa kuingia mahali bila hodi. Hata mnara aliugonga mara mbili kwa kifundo cha kidole kabla ya kukanyaga ngazi. Shati likachukua na hilo, na mijusi wote wakawa wanagonga. Basi kila Jumanne Siwema alikwenda kusimama nje ya uzio wa shamba la upepo, akamsikiliza mjusi wa mnara wa kumi na tisa akipiga hodi, kisha akarudi zake. Makaburini alikuwa haendi tena.

Ndipo ikatangazwa redioni kwamba mijusi watasafishwa. Kila mwendo usio na kazi utafutwa.

Siwema akataka aichukue hodi ile kabla haijapotea. Simu za siku hizi hazikumfaa, kwa sababu zina kinyoosha-picha, kile kijiakili kinachofuta chochote kinachokiona ni kosa. Aliwahi kujaribu, na kwenye picha mjusi akapanda tu, hakugonga. Akaazima kwa shemeji yake kamera ya mkanda, ile iliyopigia harusi za zamani, ambayo huchukua kinachopita mbele yake bila kukihoji.

Mhandisi wa zamu, Elineema, binti wa kutoka Same, alimpokea kwa shikamoo akampitisha ndani ya uzio. Mlinzi akamtania bibi huyu kuwa feni ya kupiga picha angeipata hata sebuleni, tena haina vumbi. Siwema akamjibu kwamba ya sebuleni iliungua siku nyingi, ndiyo maana amefuata kubwa.

Chini ya mnara mapanga yalivuma kama ungo unapopepeta mtama. Kivuli chao kilimpita usoni, kikaondoka, kikarudi. Akaiwasha kamera. Mjusi akaja, akanyoosha kidole, akagonga mara mbili.

Alichokifuata alikuwa amekipata. Lakini hakuzima. Akamvuta mjusi karibu kwenye kioo cha kamera na kumfuata juu, mahali ambapo macho yake kutoka nje ya uzio hayakuwahi kufika. Kwenye kipandio cha arobaini mjusi akasimama. Akaegemea ngazi. Mkono wa kushoto ukashuka, ukakandamiza ubavu, pale ambapo yeye hana kitu ila bati. Akakaa hivyo kidogo, akapanda tena. Vipandio arobaini vingine, akasimama tena.

"Mwanangu, anafanya nini pale?"

"Ndiyo kawaida yao, mama. Wote mia tatu. Tulifundishwa kwamba fundi alikuwa anausikiliza mnara."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ya kwanza ya shati."

Siwema akahesabu. Siku ile ya kwanza Nkuwi alirudi nyumbani akasema kazi ni nyepesi, akala, akaomba aongezewe mboga. Habari ya kifua alimwambia miezi michache kabla ya kufa, tena akasema kimeanza wiki iliyopita. Angesema mapema, angeshushwa ngazini, na yeye alitaka amalize kufundisha. Alikuwa akisema, hawa wakishajua, hakuna mtoto wa mtu atakayelimeza tena vumbi lile.

"Alikuwa hasikilizi kitu," Siwema akasema. "Alikuwa anaumwa."

Elineema akavua kofia yake ya kazi. Akasogea karibu.

"Huyu mmoja naweza kumruka, mama. Nitamwacha alivyo. Utakuja Jumanne zako, atakupigia hodi."

Siwema alikuwa ameliombea neno hilo wiki nzima. Akatazama juu. Mjusi alikuwa amesimama mara ya tatu.

"Hapana. Mmsafishe. Tena muanze na huyu."

"Na hodi?"

"Iende. Siwezi kumpandisha kila Jumanne na kifua kile kwa ajili ya masikio yangu."

Alifika nyumbani saa nane mchana. Mkanda aliutia kabatini bila kuutazama, chai iliyokuwa kwenye chupa hakuinywa. Akapanda kitandani na kanga zake, akajilaza upande wa Nkuwi, akamwambia pole, ile aliyoichelewesha miaka yote. Kisha akalala.