Aliyeita Kwenye Ukungu

Lebusa alikanyaga kijito kilichoganda, barafu ikakatika, mguu wa kushoto ukazama na kupinda. Khauhelo, aliyekuwa akikimbia nyuma yake, aliusikia mlio wa kifundo. Theluji nayo ikaanza kuanguka.

Julai haimchekei mtu katika milima ya Lesotho. Wao walikuwa na raba, kofia za sufu na majaketi mepesi tu. Mablanketi waliyaacha dukani bondeni ili wawe wepesi mazoezini. Mwenye duka aliwaambia, "Mosotho bila blanketi ni kondoo aliyenyolewa." Wakamcheka. Mtu akishajiona ana mbio, nani atamwambia kitu?

"Vua soksi," Khauhelo alisema.

"Vidole sivisikii."

"Vua, kaka."

Akaufuta ule mguu kwa kofia yake, akauvalisha glovu zake mbili, akamfunika kwa jaketi lake. Akamkokota mpaka kwenye zizi bovu la mawe, upande usio na upepo. Lebusa alikuwa mtoto wa baba yake mkubwa, na ndiye aliyemfundisha kukimbia. Mbio ndizo zilizompa Lebusa jina, na Khauhelo hakujua bila mguu ule kaka yake angekuwa nani.

"Nashuka kijijini nikalete watu wenye farasi. Usilale."

"Nitalala vipi na baridi hii? Nenda, mvivu wewe."

Akaondoka mbio. Ukungu ulimmeza kabla hajafika mbali. Pumzi ilimkata kooni, jasho likamgandia mgongoni. Alijua akisimama tu amekwisha.

Njia hiyohiyo ndiyo iliyomchukua Molikuoa, mwenzao wa timu ya mbio, majira ya baridi yaliyopita. Walimpata theluji ilipoyeyuka, na Khauhelo ndiye aliyemtambua, kwa raba zake. Tangu hapo hajawahi kupita huku bila kugeuka nyuma.

Sasa kule milimani kuna mwiko, na kila mtoto anaujua: kwenye ukungu watu huitana kwa ukoo. Marehemu ukoo ameshauacha, kwa hiyo yeye hukuita kwa jina. Ukiitika, umekwenda naye.

"Khauhelo!"

Sauti ilitoka nyuma, nyembamba, ikivutwa na upepo. Nywele zilimsimama. Ikaita tena, na tena, kama mtu anayelia. Ilikuwa sauti ya Molikuoa, angeapa mbele ya kasisi.

"Lebusa angeniita Motaung, kwa ukoo wetu," alijiambia kwa meno yanayogongana. "Anajua. Sote tunajua."

Hakuitika. Aliziba masikio kwa mikono iliyokufa ganzi, akaongeza mwendo huku akilia, akajikwaa, akainuka, akateremka mteremko wote ule mrefu. Alifika kijijini magoti yakivuja damu. Mama mmoja akamfunga blanketi na kumnywesha uji mchachu wa moto, wanaume wakatandika farasi. Walimwambia abaki. Akapanda farasi.

Walimkuta Lebusa hai, nje ya zizi, amelala kifudifudi mwisho wa mfereji alioukata kwenye theluji kwa kutambaa. Midomo yake ilikuwa myeusi. Wakamsugua, wakamfunga mablanketi matatu.

"Ulikuwa unakwenda wapi?" Khauhelo alimuuliza.

"Ukungu ulifunguka kidogo. Nikaona moshi." Aliinua kidole. Nyuma ya kilima kile kidogo, karibu kabisa, kulikuwa na kibanda cha wachungaji, na moto wao ulikuwa bado unawaka. "Wao hawakunisikia, upepo ulikuwa unatoka kwao. Nilikuita wewe mpaka sauti ikakauka."

"Uliniita kwa jina."

"Akili iliganda, dada. Jina lako ndilo lililokuja."

Khauhelo alikaa kwenye theluji. Mmoja wa wale wanaume alivua kofia, mwingine akashughulika na tandiko ambalo halikuwa na kasoro.

Hospitali walimkata nusu ya ule mguu. Walisema saa chache tu mapema, ungepona. Khauhelo alipiga magoti kando ya kitanda.

"Acha," Lebusa alimwambia, akitazama ukutani. "Hata mimi nisingeitika."

Ni kweli, na hakuna aliyemlaumu. Lakini Khauhelo bado anakimbia, peke yake, baridi kwa baridi, blanketi limefungwa kiunoni. Wanaomwona huko juu wanasema husimama katikati ya njia, ukungu ukiwa mzito, akaitika kwa sauti kubwa: "Abee, niko hapa."

Na mara nyingi hakuna aliyemwita.