Mkono wa Tulivu

Kombeo, mashine mpya ya kurusha mpira wa kriketi, ilikuwa imeshavunja mbavu za wapigaji wawili kabla ya mapumziko ya chai. Uwanja mzima wa Nairobi ulishangilia. Mwaka ule wa 2094, watu walikuja kuona damu.

Kombeo haikuwa na macho. Ilirusha bila kukoma mpaka karani wa alama, Mama Nekesa, aandike “mpira mfu” kwenye kibao chake. Naye karani haandiki lake. Huandika ishara ya mwamuzi, kisha huinua mkono kumjibu kwamba ameiona. Mwamuzi alikuwa roboti bubu aitwaye Tulivu.

Baada ya chai, mpira ulipasua kofia ya Okwemba, akaanguka. Mwingine ukaja. Tulivu akajitupa mbele yake, nao ukamng’oa mkono wa kushoto.

Akainuka, akanyoosha mkono uliobaki.

“Mkono mmoja umenyooka, Mama,” alisema Hirji, fundi wa Kombeo, yule mpole aliyemletea Mama Nekesa mto wa kukalia asubuhi. “Mpira haramu huo, wa kurudiwa. Andika.”

“Lakini mtu yuko chini, mwanangu!”

“Sheria ni ishara, Mama. Wewe ndiwe uliyenifundisha.”

Mama Nekesa akaandika mpira haramu, akainua mkono. Kombeo ikarusha tena. Mfupa wa Okwemba ulisikika ukivunjika mpaka jukwaani.

Tulivu hakushusha mkono. Aliupitisha chini ya kiuno, huku na huku, na kigutu cha kushoto, nyaya zikining’inia, kikatikisika kuulaki. Mama Nekesa akaelewa. Mpira mfu huonyeshwa kwa mikono miwili inayopishana. Tangu mwanzo Tulivu alikuwa akiutafuta mkono wake wa pili.

“Mungu wangu! Anasema basi!”

Akaandika. Kombeo ikazima.

Wauguzi waliinama juu ya Okwemba, kisha wakamfunika uso. Hirji akaketi chini, kichwa magotini. Mama Nekesa akamwekea ule mto mgongoni.

Uwanjani, Tulivu aligusa bega lake la kushoto. Kigutu kikajaribu kufikia la kulia, kikashindwa. Mama Nekesa aliijua ishara hiyo: mabega yote mawili, maana yake futa ishara iliyopita.

Hakukuwa na cha kufuta. Hata hivyo aliinua mkono, akauacha juu mpaka Tulivu alipoacha kujaribu.