Katoni za Daktari

Pikapu ilivunjika ekseli katikati ya mto usio na maji, jua likiwa utosini, na aliyeivunja hakuwa dereva. Dereva, aliyejulikana kwa jina la Spana, alikuwa amesema tangu njia panda kwamba barabara ile ya mkato ina mawe kama meno, na kwamba gari limebebeshwa mzigo wa magari mawili. Mwenye mzigo alimjibu kwamba yeye ni mtu wa sayansi na amekwisha kupiga hesabu. Jiwe nalo likapiga zake. Kulisikika mlio wa chuma kukatika, gari likainama upande mmoja kama mtu anayetafuta shilingi chini ya kitanda, na safari ikaishia hapo.

Mwenye mzigo aliitwa Daktari. Cheo hicho hakukipata chuoni. Alikipata sokoni, juu ya stuli, kipaza sauti mkononi: "Ubuyu, ndugu wateja! Vitamini C kuliko machungwa! Kalsiamu ya mifupa! Tumbo linalokimbia unalishika, tumbo lililofunga unalifungua! Weka kwenye uji, weka kwenye maziwa, korogea mchuzi!" Watu wakanunua, wakamtunuku udaktari bila sherehe wala joho.

Garini, pembeni yake, alikuwa ameketi dada yake mkubwa, mpishi wa shule ya bweni, aliyemlea tangu mama yao alipofariki. Mzigo ulikuwa unakwenda jikoni kwake. Kila asubuhi aliukoroga unga wa mdogo wake kwenye uji wa wanafunzi, na kila asubuhi aliwatangazia, mwiko juu, kwamba huo umetengenezwa na ndugu yake wa tumbo moja. Wanafunzi walikuwa wameshalijua tangazo hilo kuliko wimbo wa shule.

Spana alitambaa chini ya gari, akatoka na uso wa mtu aliyetoka kuaga maiti.

"Hatuendi popote. Maji tuliyo nayo?"

"Dumu moja," alisema Daktari. "Halijajaa."

"Nilipakia mawili."

"Moja nililishusha. Katoni moja ilikuwa imekosa nafasi."

Spana alijipangusa vumbi magotini. "Sawa, bosi. Kiu ikitushika tutakunywa katoni."

Simu hazikushika mtandao. Daktari alipanda juu ya gari, akainua yake mbinguni, akaizungusha huku na huku, akashuka akiwa amechomwa na bati kwenye viganja. Barabara kuu ilikuwa mbali mno kwa miguu katika joto lile. Wakakubaliana kungoja kivulini na kuchimba mchanga wa mto, kwani palikuwa na nyayo za wanyama, na mnyama hafukui mchanga kwa mchezo.

Wanaume walichimba kwa sufuria na kwa mikono. Mchanga uliwaunguza hadi kwenye viwiko, kisha ukawa vuguvugu, kisha ukawa na unyevu. Hatimaye shimo likatoa maji ya rangi ya chai iliyosahauliwa, yenye harufu ya zizi. Spana alisema yachemshwe kwanza, akaenda kuokota kuni. Aliporudi shimo lilikuwa limekauka, limebaki tope, na maji mengine hayakuja.

"Nimeyanywa," alisema dada. "Ya dumu kunyweni nyie mnaochimba. Mimi nimekaa tu."

"Dada, yale si ya kunywa!"

"Kelele. Nimekula chakula cha shule miaka yote hii, tumbo langu ni la bati."

Tumbo la bati lilidumu hadi kesho yake asubuhi. Alianza kwenda nyuma ya kichaka akitembea, akaendelea akishikwa mkono, akamalizia akibebwa. Midomo ilimpasuka. Macho yalizama. Spana alipoifinya ngozi ya mkono wake, ilibaki imesimama kama pembe ya kitambaa.

"Huyu anaishiwa maji," Spana alisema. "Lazima anywe, na abaki nayo tumboni."

Dada alifumbua jicho moja, akatabasamu tabasamu la kumuumiza yeyote mwenye haya.

"Mbona mnahangaika na dawa imejaa garini? Mdogo wangu, nikorogee ubuyu wako."

Hapa yatupasa kusema jambo ambalo Daktari hakuwa amelisema kwa kipaza sauti. Sifa za ubuyu alizozitangaza hakuzitunga zote. Nyingine ni za kweli kabisa. Tatizo lilikuwa pakiti. Ndani ya pakiti zile ubuyu ulikuwa adimu kuliko nyama kwenye mchuzi wa Jumamosi bwenini. Mwanzoni alichanganya unga wa muhogo kidogo, bei ilipopanda. Kisha akachanganya zaidi. Mwishowe ulibaki muhogo mtupu, na unga wa kuchachusha wa dukani ili ulimi usiulize maswali.

Angeweza kusema. Mdomo aliufungua. Ila Spana alikuwa amekwisha kupasua pakiti, na dada alikuwa anamtazama mdogo wake kama mzazi siku ya mahafali. Daktari akaufunga mdomo.

Spana alijaza chupa kutoka kwenye dumu, akatia vijiko vitatu, akatikisa. Unga ukazama chini, ukashikana kama gundi. Dada alikunywa kwa utiifu, akimeza mabonge, akisema "Uchachu wake mzuri" kati ya funda na funda. Kisha akageukia ubavu, akatapika chote, na zaidi ya alichokunywa. Maji safi yakanywewa na mchanga.

"Labda dozi ndogo," Spana alisema. Aliinua dumu, akalitikisa. "Imebaki chupa moja. Niongeze vijiko?"

Alikuwa amekwisha kuchota.

"Usiutie," Daktari alisema.

"Nini?"

"Usiutie huo unga." Sauti iliyokuwa ikisikika soko zima ilitoka kama ya inzi ndani ya chupa. "Si ubuyu. Ni muhogo."

Spana alikitazama kijiko. Akaonja kwa ncha ya ulimi, akatema.

"Kwa hiyo," alisema polepole, "nimevunja ekseli kwa muhogo. Maji tumeyashusha ili muhogo upate pa kukaa. Na sasa hivi ulikaa hapo, ukaniangalia nikimnywesha dada yako muhogo."

Daktari uso ulimwaka kuliko bati la gari. Alitamani dada apige kelele, amrushie kiatu, afanye lolote ambalo dada hufanya. Dada alikuwa anatazama matawi ya mti uliowapa kivuli.

"Niliacha kununua machungwa," alisema.

"Dada..."

"Ya shule. Nilimwambia mkuu, machungwa ya nini, tuna ubuyu. Kuna kabinti kanatoka damu kwenye fizi. Kila asubuhi nakaongezea kijiko. Nakaambia, kula, mwanangu, huu ametengeneza mdogo wangu." Akafumba macho. "Niondokee machoni."

Daktari akaondoka. Kwenye kilima ng'ambo ya mto ilisimama mibuyu mitatu, mikubwa kama nyumba za serikali, aliyoipita jana bila kuigeuzia shingo. Alipanda kilima akikamata mawe kwa mikono iliyounguzwa. Mwiba ulipenya kandambili ukamwingia kisiginoni; aliung'oa akaendelea. Matunda yalining'inia juu, kila moja kwenye kikonyo chake. Alirusha mawe. La kwanza lilikosa. La pili liligonga tawi, likarudi kumtafuta mwenyewe. Alirusha hadi bega likafa ganzi, na tunda likaanguka, kisha jingine, kisha mawili pamoja. Alipasua moja kwenye jiwe, akijiponda kidole gumba. Ndani kulikuwa na mabonge meupe, makavu kama chaki, yamefungwa kwa nyuzi nyekundu. Akatia bonge moja mdomoni. Uchachu ulimkamata mashavuni, mate yakamjaa kinywani, kinywa kile kilichokuwa kimekauka tangu asubuhi, na akasimama pale akimumunya huku machozi yakimtoka. Alikuwa amesahau ladha yake.

Aliporudi, aliweka matunda chini mbele ya dada. Dada aliyatazama. Kisha mpishi ndani yake akashindwa kunyamaza.

"Usiponde mbegu. Loweka, tikisa mpaka zibaki uchi. Chuja kwa kanga yangu, upande ulio safi. Spana, kwenye kikopo cha chai kuna sukari na chumvi. Sukari vijiko vidogo vitatu, chumvi usizidishe, ionje, isipite ya machozi."

Daktari alifanya kila alichoambiwa, kwa chupa ile ya mwisho. Safari hii maji yakawa meupe kama maziwa, bila gundi. Alimnywesha funda dogo, akangoja. Funda jingine, akangoja. Likabaki tumboni. Mchana ulipita hivyo, funda na kungoja, na wanaume wakimumunya mabonge makavu kudanganya kiu. Chupa ilipofika chini dada alikuwa amelala, anapumua vizuri, lakini dumu lilikuwa tupu na kila mmoja alilijua hilo.

Daktari alisimama, akaanza kushusha katoni.

"Unafanya nini?" Spana akauliza.

"Nipe kiberiti chako."

Alimwaga unga wote mchangani, rundo jeupe lililomfika magotini. Akakusanya makatoni na pakiti za plastiki zenye picha yake akitabasamu, akaweka majani mabichi juu, akawasha. Sura zake zikajikunja moja baada ya nyingine. Moshi ukapanda, mweusi, wenye harufu mbaya, mnene kama nguzo.

Jua lilikuwa linashuka pale ardhi ya kilimani ilipoanza kutetemeka kwa ngurumo. Lori la watengeneza barabara likatokea ng'ambo, na msimamizi wao akashuka mbio akiwa na chupa za maji kwapani.

"Tulidhani lori la matairi linaungua!" alisema. Akaliona rundo la unga. "Na hii je?"

Spana akamtazama Daktari. Dada naye akamtazama.

"Ni muhogo," Daktari alisema. "Nilikuwa nauuza kama ubuyu."

Msimamizi alikohoa, akajishughulisha na kufungua chupa. Hakuna aibu iliyo ndefu kama ya kumwona mgeni akikuonea haya.

Walimpandisha dada mbele, karibu na dirisha, Daktari katikati, Spana nyuma. Msimamizi alisema zahanati iko njiani.

"Kwanza shuleni," dada alisema. "Stoo bado kuna katoni zako. Asubuhi watakoroga uji."

"Dada, wewe nenda zahanati. Shuleni nitakwenda mimi."

"Utawaambia nini?"

Daktari alikaa wima. Akasafisha koo. "Ndugu wanafunzi, kutokana na changamoto zilizojitokeza katika upatikanaji wa..."

"Hiyo bado ina muhogo," dada alisema, macho yake barabarani. "Anza tena."