Sufuria Niliyoiweka Mezani kwa Mama Mkwe

Nina umri wa miaka arobaini na mmoja, mume wa mke mmoja na baba wa watoto watatu. Naishi Kirua Vunjo, mlimani Kilimanjaro, katika nyumba ambayo si yangu. Niliyoyatenda ndani ya nyumba hii sijawahi kuyaandika popote. Leo nayaandika, wasomaji wenzangu, maana yamenikaba.

Shule niliiacha darasa la tano. Si kwa ujinga... miguu ndiyo iliyoniwasha! Nimekuwa taniboi wa lori, nimechoma chokaa Tanga, nimeuza mitumba Moshi mjini miaka ile ya ruksa. Kila nilipopita niliuliza: hiki kinatengenezwaje? Mzee mmoja fundi samani pale mjini alinifundisha kupiga polishi na kuondoa madoa. Doa jeusi, alisema, limeingia kwenye mbao, na dawa yake ni msasa na uvumilivu. Lakini doa jeupe la moto liko juu juu, kwenye polishi tu. Unatandika kitambaa kikavu, unapitisha pasi ya uvuguvugu, au unasugua kwa majivu laini na mafuta ya kula, nalo linaondoka kama halikuwapo.

Kwa ujuzi huo niliitwa kwa Mama Kristofa, mjane, ili meza yake ya mninga na viti vyake ving'ae kabla watoto wake hawajapanda kuja nyumbani kwa Krismasi. Nikapewa chumba cha stoo. Na humo nyumbani alikuwamo binti yake, Apolonia...

Nilimpenda. Naye alinipenda. Lakini mtu asiye na kihamba, shamba la migomba la ukoo, asiyekaa mahali mvua mbili zikamkuta, angeposa kwa lipi? Kazi ilikuwa inakwisha. Nikifunga mkoba wangu, basi!

Asubuhi moja Mama alikwenda kukata majani ya ng'ombe, na Apolonia alikuwa mtoni. Nikaitoa jikoni sufuria ya mtori wa ndizi ikitokota, nikaiweka katikati ya meza. Nikahesabu pumzi chache, nikairudisha. Doa jeupe, mviringo kamili!

Mama aliporudi alishika mdomo. "Yesu wangu! Nani kaweka sufuria ya moto hapa?"

Nikamwambia taratibu kwamba labda ni yeye, kabla hajatoka. Akabisha. Akaapa. Nikasema si kitu, Mama, nitalitoa, nipe siku nne. Kazi ya dakika kumi, ndugu zangu... siku nne!

Nikarudia. Mara ya pili, ya tatu, ya nne. Mara ya tano hakubisha tena. Aliketi, akaitazama mikono yake, akasema, "Basi ni mimi, fundi. Kichwa kimeniharibikia."

Kwa nini sikusema pale pale? Ulimi si nilikuwa nao?

Kristofa, mwanawe mkubwa, alifika kutoka Dar es Salaam, akasimuliwa. Hakukasirika, aliogopa. Alisema mtu asiyekumbuka alipoweka sufuria iko siku ataunguza nyumba. Baada ya sikukuu akamchukua mama yake. Mama aliteremka na kanga mbili na rozari, akigeuka geuka kumwangalia ng'ombe wake.

Nyumba akaachiwa Apolonia, nami nikaruhusiwa kumwoa ili pasikose mwanamume wa kuiangalia. Nilipata yote niliyoyataka... na mlango ukajifunga nyuma yangu! Mimi wa barabara nyingi, nikabaki kulinda nyumba ambayo mmiliki wake nilimwondoa kwa mkono wangu. Kila nikitaka kuondoka, naenda wapi? Kila nikitaka kusema, naanzia wapi?

Nilivumilia miaka sita. Kisha nikakata jani la isale mpakani mwa kihamba, lile ambalo kwetu mkosaji hulibeba akienda kuomba msamaha, na aliyepelekewa hana ruhusa ya kukataa. Nikalifunga kwa kitambaa kibichi, nikasafiri na mke wangu hadi Dar.

Mama alikuwa ameketi chumba cha uani. Jiko lilitiwa kufuli asiliguse. Chai ilipoletwa, aliikalia mikono yake mpaka mtu alipomshikisha kikombe. Nilipiga magoti, nikamwamkia shikamoo, nikamwekea isale mapajani. Nikasema yote. Ni mimi, Mama. Kila mara ni mimi!

Akanishika kichwa, akacheka kidogo. "Acha, mwanangu. Unataka kunibebea aibu yangu. Mwanamume mwema wewe! Mbona mimi nakumbuka kabisa nilivyoiweka?"

Nikaapa. Nikalia. Kadiri nilivyoapa, ndivyo alivyozidi kunibariki!

Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni. Yeye aliniamini.

Mama alizikwa kihambani mwaka uliofuata. Apolonia hakuniacha. Anapika, ananifulia. Lakini nikimwambia mvua imeanza, hutoka nje akaangalie mwenyewe.

Wasomaji, ukitaka kukaa kwa watu, omba kukaa. Ukikataliwa, beba mkoba wako uende, njia haijamuua mtu kwa aibu. Nawasihi, usimfanye mtu azitilie shaka akili zake kwa faida yako! Na ukiwa umekosa, sema siku ile ile, wakati uliyemwonea bado anabisha. Akishaacha kubisha umechelewa... hatakuamini yeye, atakuamini yule uliyetamani asijue.