Koti la Kompyuta

Kila Jumamosi, saa tisa alasiri, mama aliondoa mguu kwenye pedali ya cherehani. Si kwamba kazi ilikuwa imekwisha. Kazi ya mshonaji haiishi. Aliondoa mguu ili asikie vizuri.

Waliishi katika chumba kimoja kikubwa kilichogawanywa kwa pazia. Upande huu kulikuwa na cherehani, meza ya kukatia na rundo la vitambaa. Upande ule kulikuwa na vitanda viwili na kompyuta ya mezani, kasha lake sakafuni likiwa limevaa koti. Ndiyo, koti. Mama aliishonea mwenyewe mwezi uliopita. Lilikuwa koti zuri la vipande vya rangi, lenye pamba ndani na vifungo vinne mbele. Vumbi la ushonaji halina adabu, na mama aliipenda ile kompyuta.

Aliipenda kwa sababu moja. Saa tisa ikifika, binti yake mdogo aliiwasha. Huyu alikuwa na miaka kumi na sita, na jirani wote walimwita Kitinda kwa kuwa ndiye kitinda mimba. Mbali sana, katika nchi nyingine, dada yake aliyekuwa muuguzi aliwasha ya kwake. Wakaingia pamoja kwenye gemu lao, wakaendelea kujenga mji walioanza miaka miwili nyuma.

"Dada, paa lako limepinda!"

"Halijafikia pua yako!"

Kisha kikaja kicheko. Hicho ndicho mama alichokingoja wiki nzima. Kwenye simu, binti mkubwa alikuwa na jibu moja tu: "Niko salama, mama." Alilisema kwa sauti nyembamba, kama anasoma mahali. Lakini kwenye gemu alicheka kwa tumbo lote, kama alivyocheka utotoni. Mama hakujua lolote kuhusu gemu. Alijua kicheko cha mtoto wake.

Jumamosi moja, katikati ya kicheko hicho, kompyuta ilizimika. Harufu ya kuungua ikajaa chumbani. Kitinda alibonyeza, akachomoa, akachomeka, akabonyeza tena. Hakuna kitu.

Jumamosi mbili zikapita kimya. Simu ikaleta jibu lile lile, "Niko salama, mama," na safari hii sauti ilikuwa nyembamba zaidi. Mama alishona mkono wa kushoto mahali pa mkono wa kulia. Hapo akajua kwamba mambo yamemfika shingoni.

Siku ya pili yake alipita mbele ya duka la kompyuta. Dirishani kulikuwa na moja yenye ubavu wa kioo. Ndani yake taa ziliwaka nyekundu, zikawa za bluu, zikawa za kijani.

"Hiyo ni kompyuta ya gemu, mama," muuzaji alimwambia. "Ipo hiyo moja tu. Ukirudi kesho hutaikuta."

Mama alirudi nyumbani mbio. Alichukua kopo la vifungo, ambalo chini ya vifungo lilikuwa na akiba yake yote. Kwenye ukumbi akagongana na jirani yake wa chumba cha pili. Huyu alikuwa mwanamke kijana, fundi wa kompyuta na simu, na kila mtu alimwita Bisibisi. Hata akienda harusini, bisibisi ilikuwa mkobani.

"Shikamoo, mama. Kopo la vifungo linakwenda wapi na haraka hiyo?"

"Marahaba, mwanangu. Linakwenda kuleta kompyuta ya gemu."

"Hongera! Ndani ina nini?"

"Ndani?" Mama alifikiri. "Ina taa."

Bisibisi alijitahidi asicheke, akashindwa. "Samahani, mama. Hebu niambie. Mtu akikuletea gauni, akakuuliza kama limeshonwa vizuri, unaangalia wapi kwanza?"

"Naligeuza. Nje kila fundi anaweza kukudanganya. Mshono uko ndani."

Akalitazama kopo mkononi.

"Twende wote," alisema. "Tukaigeuze."

Dukani, Bisibisi aliomba karatasi inayoeleza vilivyomo ndani ya kompyuta. Muuzaji aliitoa kwa shingo upande. Bisibisi aliisoma kidogo kidogo, huku akimwonyesha mama kwa kidole.

"Hii ni prosesa. Ndiyo akili yake, na si mbaya. Hii ni memori, mahali pa kushikia kazi inayoendelea. Ni ndogo. Sasa tafuta kadi ya picha. Ndiyo inayochora gemu kwenye skrini."

Mama alitafuta. "Siioni."

"Haimo. Na pawa saplai, inayogawa umeme kwa vyote, haina hata jina la kampuni iliyoitengeneza. Mama, hapa unalipia taa."

"Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza," mama alisema, na muuzaji akajifanya anapanga nyaya.

Njiani mama aliuliza, "Kwa hiyo kununua iliyo tayari ni kosa?"

"Hapana, zipo nzuri. Asiye na muda wala fundi karibu, anunue iliyo tayari. Atapata dhamana moja ya kitu kizima. Na kuna wakati vipande hupanda bei, ukakuta iliyo tayari ndiyo nafuu. Kuunda kunakupa kitu kingine. Unachagua kila kipande, pesa yako inakwenda kwenye kazi badala ya mapambo, na kimoja kikiharibika unabadilisha hicho hicho. Tena ukiwa na vipande vya zamani vilivyo hai, huvinunui mara mbili. Tuifungue ile yenu kwanza."

Waliiweka kompyuta juu ya meza ya kukatia. Kitinda akafungua vifungo vinne vya koti. Bisibisi akafungua skrubu, akautoa ubavu.

Ndani hapakuonekana kitu. Palikuwa na nyuzi tu, nyekundu, nyeupe, za kila gauni lililoshonwa chumbani humo mwaka ule. Zilikuwa zimejikunja pamoja kama mto mdogo, na feni imekwama katikati.

"Mama," Bisibisi aliuliza taratibu, "hili koti lilikuwa linavuliwa kompyuta ikiwashwa?"

"Livuliwe kwa nini? Nililishona ili vumbi lisiingie."

"Nyuzi huingia kwa chini, mama, kupitia feni, na hii ilikaa sakafuni. Kompyuta inavuta hewa baridi na kutoa ya moto. Sasa hii yenu, nyuzi zimeiziba pumzi, halafu ikafungwa koti la pamba. Imeungua kwa joto."

Mama aliketi. Alilichukua lile koti akalilaza mapajani, akapapasa vifungo vyake kimoja kimoja.

"Mimi ndiye niliyeiua," alisema. "Nimemnyamazisha mwanangu kwa mkono wangu mwenyewe."

Machozi yalimtoka, wala hakuyaficha. Kitinda alimkumbatia kwa nyuma.

"Mama, ulikuwa unaitunza."

"Kupotea njia ndiko kujua njia," Bisibisi alisema. Alikuwa amechomoa kipande kimoja chembamba na kukipeleka kwenye kompyuta yake mwenyewe. Sasa alirudi anatabasamu. "Kitinda, diski ni nzima. Mji wenu umo humu wote, hata paa lililopinda."

Kitinda alipiga kelele mpaka jirani wa juu akagonga sakafu.

"Kasha lenyewe ni zima," Bisibisi aliendelea. "Skrini na kibodi pia. Vilivyokufa ni bodi, ule ubao unaounganisha vyote, pamoja na prosesa yake, memori, kadi ya picha na pawa saplai. Tutanunua hivyo tu. Swali la kwanza: mnataka kucheza gemu gani?"

"Hilo letu tu la mji," Kitinda alijibu.

"Basi tusome linahitaji nini. Mtu hashoni kabla ya kumpima mteja."

Gemu lenyewe liliandika mahitaji yake. Hayakuwa makubwa. Kadi ya picha ya kati ilitosha. Kitinda aliorodhesha vipande kwenye karatasi ya kukatia mitindo. Kwa siku tatu alizunguka maduka akiandika bei. Kila jioni Bisibisi alihakikisha kwamba prosesa inaingia kwenye ile bodi, na kwamba memori ni ya aina inayokubalika. "Vipande ni kama wachumba," alisema. "Uzuri hautoshi kama hawaelewani."

Mama alishauri wapate pawa saplai iliyotumika, ili kuokoa pesa.

"Kadi tunaweza kuchukua iliyotumika, tukiijaribu kabla ya kulipa," Bisibisi alimjibu. "Pawa saplai iwe mpya, yenye jina na nguvu ya kutosha. Ikikorofisha, inaunguza na wenzake. Mama, wewe unaweza kushona gauni la harusi kwa uzi uliooza?"

"Mwiko. Kamba hukatikia pabovu."

Siku ya kununua kadi, mama alikwenda na tepu yake shingoni. Nyumbani alikuwa ameshapima kasha kwa ndani. Muuzaji wa vitu vilivyotumika aliwatolea kadi moja kubwa ya kupendeza. Mama aliilaza tepu juu yake.

"Imezidi vidole viwili."

"Itaingia tu, mama."

"Ndivyo wanavyoniambia wateja wangu walionenepa," mama alisema. "Lete fupi."

Bisibisi alimtazama kwa heshima. Ile fupi ilichezeshwa gemu pale pale kwa nusu saa. Feni zilizunguka vizuri, picha haikukatika. Ndipo wakalipa, na mama akaikunja risiti akaiweka kwenye kopo la vifungo.

Jumamosi asubuhi waliunda kompyuta. Kwanza walifagia chumba na kufuta meza. Umeme ulichomolewa. Kila mmoja aligusa chuma kabla ya kushika kipande, kwa sababu umeme mdogo wa mwilini huweza kukiharibu. Bisibisi aliweka mikono nyuma akawa anaelekeza tu. Kitinda ndiye aliyefunga. Mama alishika skrubu kwenye sahani ya pini zake, asipoteze hata moja.

Waliiwasha. Feni zilizunguka, lakini skrini ilibaki nyeusi.

Mama aliinamia skrini. "Imekufa na hii?"

"Tulia, mama. Hata cherehani mpya hukata uzi siku ya kwanza. Kitinda, zima, chomoa. Gusa memori. Imekaa?"

"Imekaa nusu. Naogopa kuivunja."

"Niachie mimi," mama alisema.

Vidole gumba vya mama vilikuwa vimebana vifungo vya chuma kwa miaka ishirini. Alivijua vitu vinavyotaka nguvu na vinavyotaka upole. Alikandamiza sawasawa pande zote mbili. Ta! Memori ikakaa. Walipowasha tena, skrini ilijaa mwanga.

Kompyuta iliwekwa juu ya rafu, mbali na meza ya kukatia, nyuma yake pakiachwa nafasi ya hewa. Kila Ijumaa ingezimwa na kupigwa brashi laini kwenye matundu. Na koti? Mama alilifumua, akalishona upya likawa mto wa kiti. Pesa iliyobaki kwenye kopo ilitosha kununulia brashi na spika mpya. Kiti chenye mto mama alikisogeza karibu na cha Kitinda.

Saa tisa ikafika.

"Kitinda? Ni wewe kweli?" sauti ilitoka kwenye spika.

"Ni mimi! Na mama yupo hapa. Kompyuta tumeiunda wenyewe. Memori kaiweka yeye!"

"Mama? Mama yangu mimi?"

"Usinidharau," mama alisema. "Nipe kazi."

Kitinda alimpa kipanya, wakamfundisha kuweka dirisha kwenye nyumba. Alibonyeza mapema, dirisha likaenda kukaa barabarani. Akajaribu tena.

Ulimi wake ulikuwa tayari kuuliza, "Uko salama, mwanangu?" Aliuzuia. Kwa miaka ishirini alikuwa amewapima wanawake vifua na viuno, na alijua jambo moja. Mtu akiulizwa ana kwa ana, hujibu kwa adabu. Akiwa ameshughulika, mikono iko juu na tepu inamzunguka, hapo ndipo husema la moyoni.

"Dirisha la pili niliweke wapi?" aliuliza.

"Hapo kushoto, mama. Lielekee mtoni." Matofali yalipandana kwenye skrini. "Mama."

"Naam, mwanangu."

"Huku nakula peke yangu kila siku. Nimewakumbuka sana. Siku nyingine nalia njiani nikitoka kazini, halafu nawapigia nawaambia niko salama."

Kitinda alimgeukia mama. Mama aliendelea kusogeza kipanya, polepole, asiukate ule uzi wa maongezi.

"Ahsante kwa kuniambia," alisema. "Mimi pia nimekukumbuka. Nyumba hii ina chumba cha kulia?"

"Haina."

"Basi tukijenge leo. Meza moja, viti vitatu. Na Jumamosi ijayo, saa tisa, chukua sahani yako ukae nayo hapo mbele ya kompyuta. Sisi tutakuwa na zetu. Tutakula wote."

Kwenye spika ilisikika pua ikivutwa juu. "Sawa, mama."

Walijenga. Kitinda aliweka meza na kiti cha kwanza. Dada yake aliweka cha pili. Cha tatu alipewa mama, naye akalenga kwa makini, akabonyeza, na kiti kikaenda kukaa juu ya paa.

Binti mkubwa alicheka. Alicheka kwa tumbo lote, mpaka akakosa pumzi, na mama alikaa juu ya lile koti akimsikiliza.