Mgeni wa Gari la Marehemu Yuma

Jambo la kwanza lilikuwa dogo, na fundi mwingine angelipuuza. Gari halikuwa na mtu wala mzigo, lakini nyuma lilikuwa limekaa chini kama limebeba magunia. Rigobert akabadilisha springi zote. Likainuka kidogo, halafu, akiwa bado anafuta mikono, likashuka tena taratibu.

Alilikuta limefunikwa mabati katika ua wa mama Rabia, hapahapa katika mtaa wa mji wetu uitwao Kenya: gari refu la Kiamerika, ubavu wake rangi ya mbao, mlango wa nyuma mpana. Rigobert alipenda vyuma vibovu kuliko usingizi wake. Rabia, mjane wa Yuma, alimpa bure, na hilo peke yake lingemshtua mtu mwenye akili timamu.

"Hii njo ilikuwa inapeleka bamaiti kuzikwa ku Kasomeno," Rabia akamwambia. "Bwana yangu akiwa mu hii gari, hakukuwa anasema hata neno moya."

"Mama, miye fundi, hapana pasta," Rigobert akacheka.

Alisafisha kabureta, akaweka betri mpya. Injini ikagoma. Hapo ndipo alipofanya utani ambao mtu wa mji huu tu angeufanya. Huku, gari la mazishi likizima njiani, watu husema marehemu amekataa kwenda. Mzee wa ukoo hugonga jeneza na kumbembeleza mpaka akubali. Rigobert akagonga bodi, akaigiza sauti ya mzee:

"Mukubwa, usitusumbue. Twende kwetu. Bibi alishapika bukari, na mutoto yetu Keren atakupokea."

Injini ikawaka papo hapo. Rigobert akacheka mpaka machozi, akaenda nalo nyumbani akipiga honi njia nzima. Alipolizima mbele ya mlango wake, gari likainuka kwa nyuma, kama vile mtu mzito ameshuka. Alidhani springi zimekaa sawa. Kumbe!

Jioni hiyo Keren, binti yake wa pekee, alichukua sahani yake ya bukari, yaani ugali, akaenda kula peke yake kule garini. Kesho yake vilevile. Kadiri alivyokula ndivyo alivyokonda. Nyumba ikaanza kunuka kafuri na udongo uliochimbwa sasa hivi, harufu ambayo Edith, mkewe Rigobert, aliifua kwenye mapazia ikarudi kabla hayajakauka. Na mchana kweupe, jua likiwaka juu ya mabati, zilisikika sauti za wanawake wengi wakilia chinichini, kilio cha watu waliochoka kulia, na katikati ya sauti hizo Keren akicheka.

Kisha asubuhi moja hakuamka. Alilala macho wazi, mwili baridi, pumzi ikipita kwa shida.

"Ulituletea nini, Rigobert?" Edith akanong'ona. "Mutoto yangu njo huyu moya tu."

Rigobert alikimbilia kwa Rabia, akamkuta na kaka yake, Mwalimu Rachid, ambaye huwasomea watu wenye majini. Mwalimu aliposikia habari ya ule utani, akashika kichwa.

"Ile hapana maiti," akasema kwa sauti ya chini. "Ni jini. Inafuata vilio, inakula machozi ya batu. Yuma alijua, njo maana alikuwa ananyamaza. Weye uliikaribisha na kinywa yako, na jina ya mutoto ukaipa."

"Sasa nifanye nini, Mwalimu?"

"Tuirudishe ku njia ya Kasomeno. Uiambie, hapa njo kwako. Uache gari, uende. Itakuita na sauti yenye unapenda. Usijibu. Usigeuke."

Wakaondoka mchana uleule, Edith akibaki amemshika Keren mkono. Njia nzima Rachid alisoma, na njia nzima gari lilikwenda jepesi, halikulemea hata kidogo, jambo lililompa Rigobert moyo kwamba kisomo kinafanya kazi, mpaka nyumba zikaisha, na miti ikasogea karibu na barabara, na vile vilio vikaanza tena nyuma ya shingo yake, kwanza vingi, kisha vichache, kisha kimoja tu, chembamba, cha mtoto aliyeogopa.

Akasimamisha gari, akashuka.

"Hapa njo kwako," akasema.

Wakaanza kutembea.

"Papa!" sauti ya Keren ikaita kutoka garini. "Papa, unaniacha?"

Rachid akambana mkono. Rigobert alilia waziwazi, lakini alitembea. Sauti ilimwita tena na tena, ikimwomba, na yeye hakujibu.

Simu ikalia. Edith alikuwa akicheka na kulia kwa pamoja.

"Ameamuka! Amekula bukari yote, na yangu pia. Hana tena baridi!"

"Asante Mungu," Rigobert akasema. "Ananitafuta?"

Edith akashusha sauti.

"Anakusalimia. Anasema aksanti kwa kumukaribisha. Anauliza kama bibi ya hii nyumba njo miye."

Ndipo Rigobert alipoelewa. Mgeni alishashuka mlangoni pake siku ile ya kwanza, na sasa alikuwa ndani ya mwili wa Keren; waliyemleta huku na kumwacha garini ni Keren mwenyewe. Akajinasua mkononi mwa Rachid, akageuka, akakimbia akiliita jina la mwanawe kwa nguvu zake zote. Lakini ile sauti aliyokataa kuijibu ilikuwa imekwisha kunyamaza.