Vigingi Alivyong'oa Limi

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Limi alifagia uwanja, akateka maji, kisha akapita kwa jirani yao Mama Otmar kumwamkia. Hakuwahi kutoka huko mikono mitupu. Mjane yule aliuza karanga stesheni, na konzi moja ilikuwa ya Limi siku zote. Mwanawe Otmar alikwenda Geita kuchimba dhahabu, na barua zake zilikuwa zimekoma. Hayo yalikuwa Shinyanga, nyuma ya kiwanda cha pamba, mwaka wa 1953.

Mwaka huo wapimaji walikuja na minyororo yao, wakapigilia vigingi vyenye vichwa vyekundu kuonyesha barabara mpya itakapopita. Karani Donatus, mtu mkavu asiyejua kucheka, akawasomea watu orodha. Nyumba iliyo kati ya vigingi itavunjwa, na mwenyewe atapewa kiwanja kingine na ruhusa ya kujenga. Wengine wote ni marufuku kujenga hata banda la kuku mpaka ramani ya mji ipitishwe, na hilo lingechukua mwaka au zaidi. Upande wao ilitajwa nyumba moja tu, ya Maige, baba yake Limi.

Maige aliijenga nyumba ile kwa miaka minne, akibeba miti kwa baiskeli kila alipotoka kazini kiwandani. Siku ile hakula. Limi alimwona akipapasa ukuta kwa kiganja, na moyo ukamwuma sana.

Sasa sikilizeni kosa lenyewe. Kijijini kwa babu yake, mipaka ya mashamba huoteshwa minyaa. Mtu akisogeza minyaa, jirani hulalamika, wazee huja wakapima kwa hatua, wakabishana weee, na kabla jua halijatua mambo yamekwisha. Limi akadhani kigingi cha serikali nacho ni minyaa tu. Mchana mmoja, watu wakiwa gulioni, aling'oa vigingi vinne vilivyoizunguka nyumba yao, akavipigilia kwa Mama Otmar. Watakuja wabishane, alijiambia, na huenda barabara ikapindishwa kabisa, tukapona sote.

Hakuna aliyebishana; Mama Otmar aliviona, akadhani ni vya kupimia tu, kwani jina lake halikusomwa. Jumatatu mnyapara alikuja na vibarua, na kwa kuwa hakujua kusoma, alifuata vigingi. Mama Otmar alikuwa stesheni. Kuta zake zilipigwa sululu, paa likaangukia kitanda na vyungu. Aliporudi alisimama mbele ya kifusi, sinia la karanga bado kichwani, akawauliza vibarua kama wamewaona kuku wake. Wakacheka.

Ofisini karani Donatus alipekua orodha, akamwambia jina lake halimo, kwa hiyo hana kiwanja. Na kwa kuwa ujenzi umesimamishwa, asubiri. Mama Otmar alimwuliza asubirie wapi. Donatus akamwita mtu wa nyuma yake.

Na Limi je? Limi alinyamaza kimya kama maji mtungini. Maige alidhani wapimaji wamebadilisha mawazo, akawa anafagia uwanja huku anaimba. Siku tatu mjane, aliyekataa kuviacha vyombo vyake, alilala chini ya magunia, mvua ikamnyeshea, kifua kikambana. Siku ya nne Limi alipopita, Mama Otmar alimnyooshea konzi ya karanga zilizolowa, akamwambia ale zisiharibike bure. Limi akaangua kilio. Alikimbia kwa baba yake, akasema yote.

Maige hakumpiga. Afadhali angempiga. Alimshika mkono mpaka ofisini, akamwamuru aseme tena, kwa sauti, mbele ya foleni nzima. Watu walimzomea. Karani akasema nyumba ya Maige lazima ivunjwe vilevile, barabara ni ile ile, lakini kiwanja kilichobaki ni kimoja.

"Apewe Mama Otmar," Maige alisema. "Mimi nitasubiri ramani."

Jumamosi vibarua wakaibomoa nyumba ya miaka minne, na Maige akawasaidia kung'oa mlango ili usivunjike. Wakahamia chumba kimoja kwa shangazi, watu saba. Kila jioni baba na binti walikwenda kumjengea Mama Otmar, baba akisimamisha miti, Limi akiteka maji ya udongo. Shuleni wenzake walimbandika jina la Kigingi, nalo likamganda.

Siku paa lilipoezekwa, Limi alimpigia magoti mjane.

"Mama, umenisamehe?"

"Bado," Mama Otmar alijibu. "Siwezi kukudanganya huku nakufundisha ukweli. Ulikuwa na shida, mwanangu, na kuwa na shida si kosa. Lakini hukuiondoa. Uliisogeza mpaka mlangoni kwangu. Hilo la vigingi nalihesabu utoto. Ila zile siku tatu uliniona nanyeshewa, na ulijua ni kwa nini. Ukikosea, sema siku hiyo hiyo, kabla mwingine hajaumia kwa ajili yako."

Machozi yalimtoka Limi, na hakuna aliyembembeleza. Akauliza kama maji yanahitajika tena.

"Sakafu haijakandikwa," mjane alisema.

Limi akainua debe, akaelekea kisimani.